Mstari wa Nane

…imeurudisha tena, nimeufuta mara tano na mara tano imeurudisha, mweusi, mnyoofu, umesimama palepale kando ya mstari wa saba kana kwamba sikuwahi kuugusa, na chini ya skrini maneno yaleyale yenye adabu, mstari umerejeshwa, uhakika asilimia tisini na saba, tafadhali thibitisha, na kitufe cha kijani kinanisubiri kwa uvumilivu ambao binadamu hakujaliwa, Madam Kinanu hasa hakujaliwa, namsikia upande wa pili wa pazia jeusi akivuta kiti, akikohoa vumbi, akiuliza kwa mara ya tatu, "Yahye, umethibitisha ama bado?", nami namjibu "bado kidogo, Madam," kwa sauti ya mtu aliyetulia, ilhali kidole changu kimeganda juu ya kipanya na jasho limejaa ndani ya glovu, bado kidogo, kidogo gani, saa tano na nusu imekwisha kupita, na saa sita lori la Lokol litaondoka na masanduku yote kwenda Nairobi, kwenye ghala lenye baridi na kufuli mbili, na baada ya hapo hakuna mtu atakayekitazama chungu hiki kwa macho yake, watakitazama humu, katika faili, jinsi mashine itakavyosema kilivyo, na mashine inasema hapa pana mistari minane, nami naona saba. Saba. Nahesabu tena kwa ncha ya penseli, hewani, bila kugusa, moja, mbili, tatu, mistari myekundu iliyosimama begani mwa chungu kama watu waliopanga foleni, minene kidogo juu na myembamba chini pale brashi ilipoinuliwa, nne, tano, sita, saba, kisha nafasi tupu yenye upana wa kidole, kisha fungu linalofuata, na hilo ni la minane kamili, halafu la saba, halafu la minane, mafungu kumi na mawili kwa jumla, yanazunguka bega lote na kukutana, mistari tisini, na mashine imeandika tisini na sita, sita ya ziada imeitoa wapi, imeitoa hewani, imeitoa katika huo uhakika wake wa tisini na saba, na ninapobonyeza kuufuta mstari wa uongo inanifungulia orodha ya sababu, chagua sababu ya kufuta, uchafu, ufa, kivuli cha taa, kosa la mchoraji, basi, maneno manne tu, hakuna la tano linalosema hapakuwa na kitu, aliyeitunga orodha hii hakuwaza kwamba mahali paweza kuwa patupu kwa haki yake, nimechagua uchafu ikaurudisha, nimechagua kivuli ikaurudisha, nimechagua ufa, ikanionya kwamba hapana ufa, kana kwamba mimi ndiye ninayeota, limebaki kosa la mchoraji, na hilo kidole changu kimekataa, kwa sababu mchoraji, mama yule, sijui kwa nini tangu siku ya kwanza nimemwita mama yule, hayupo kujitetea, wataalamu wanasema ni miaka elfu mbili na zaidi tangu akichore, akakiacha au akakizika au kikampotea, hadi mvua ya mwaka juzi ilipobomoa kingo za lugga, ule mto usio na maji, huko nyuma ya Oldonyiro na wachungaji wakaona wekundu ukichungulia mchangani, na leo nimwandikie kosa, mimi, kwa kipanya.

"Malenga!" Huyo ni Lokol, amekuja mlangoni, sauti yake inatangulia daima mbele yake, "hebu niambie, nangoja wewe ama nangoja huyo mama aliyechora? Sanduku iko tayari, sponji iko tayari, mimi peke yangu ndio niko njaa," na Kinanu anacheka huko nje, kicheko kifupi cha mtu asiyetaka kucheka, anasema "mwache, anatunga shairi," na Lokol anasema "shairi ya nini, si aguse tu hiyo kitu, mimi kwa simu nagusanga Accept bila kusoma na bado niko hai," wanacheka wote wawili, nami ningecheka siku nyingine, Lokol ni mtu mwema, ndiye aliyekibeba chungu hiki kifuani kutoka Oldonyiro, barabara yote ile ya mawe, amekifunga kwa shuka yake mwenyewe kama mtoto mchanga, kwa sababu hakuyaamini masanduku yetu, lakini sasa siwezi kucheka, nina hasira, nina hasira na kitu ambacho hakina uso, na hakuna hasira inayochosha kama hiyo, ukigombana na mtu angalau atakupandishia sauti, atakutukana, utajua umefika mahali, mashine hii inakuomba radhi na kuendelea kukukanusha. Na haikuwa hivyo mwanzoni, mwanzoni niliipenda, lazima nikiri, nilipoona kwa mara ya kwanza picha sabini na mbili zikiungana zenyewe, chungu kikizunguka kidogo kidogo kwenye kisahani chake, kamera ikilia taratibu, na baada ya dakika chache uso wote wa mviringo ukakunjuliwa kama mkeka na kulala bapa kwenye skrini, kutoka mwanzo hadi mwisho, ingawa chungu hakina mwanzo wala mwisho na mashine ililazimika kukikata mahali, nilishangaa kama mtoto, nikamwambia dada yangu Sahro jioni ile, akaniambia, walaal, ndugu yangu, wewe na vyungu vyako, lakini nilishangaa, na mashine ilipojifunza kuisoma mistari yenyewe, kuihesabu na kuichora upya kwa wino mweusi, kazi iliyonichukua siku nzima kwa mkono ikaifanya kwa pumzi moja, Kinanu aliniita mbele ya wageni wa chuo kikuu akasema, huyu ndiye mwalimu wake, huyu kijana, yeye ndiye aliyeifundisha, na kesho programu itafunguliwa kwa vyuo vyote, na jina langu limo, mstari wa pili chini ya jina lake, Yahye Guleid, mfuatizi wa michoro, nimeuona huo ukurasa mara ngapi, nimeufungua usiku na mchana kama mtu anayejitazama kwenye kioo.

Pana njia moja iliyobaki, picha ya kukoleza, ile inayoivuta rangi nyekundu kutoka chini ya vumbi la karne hata pale jicho lisipoona kitu, nimeitumia mara nyingi, mstari uliofifia hujitokeza kama jina lililofutwa ubaoni, basi nikolezee, nasubiri, duara linazunguka katikati ya skrini, nje punda wa maji wanapita na mitungi yao ya plastiki inagongana, mtu anapiga honi ya bodaboda bila sababu, Kinanu anazungumza na simu, "ndiyo Daktari, ni hiki cha mwisho tu, ndiyo, saa sita lori iko barabarani, hapana, hakuna shida yoyote," hakuna shida yoyote, na picha inafunguka, na mistari saba inawaka kama makaa, ona, ukingo wa kila mmoja wazi, na kando yake, pale mashine inapodai wa nane, hakuna, hata kivuli, hata doa, rangi haikuchujuka kwa sababu haikuwahi kupakwa, na tena pamesuguliwa, pamelainika, pana mng'ao mdogo wa umbo la ukucha ambao mashine imeuwekea alama ya njano na kuuita uchafu wa uso. Naiambia mashine, kimoyomoyo, unaona, unaona sasa, naibonyeza ihesabu upya kwa picha hii hii iliyo bayana, na inahesabu, na inaurudisha. Tisini na saba. Haikupungua hata nukta moja. Nani aliyekufundisha ukaidi huu, nani, nataka kukipiga kioo ngumi, badala yake nazima taa ya kushoto, nakishika chungu kwa mikono miwili, ingawa hatutakiwi kukishika namna hii, chini yake ni duara hakiwezi kusimama chenyewe, kinakaa juu ya pete ya sponji, nakiinua kutoka kwenye pete nikisogeze karibu na macho, mkono wa kushoto umekumbatia bega, mkono wa kulia umebeba kitako, na kidole gumba changu cha kushoto kinateleza kidogo juu ya mng'ao wa udongo na kutulia, kinatulia mahali, kama mguu unavyotulia ndani ya kiatu cha zamani. Kiko juu ya nafasi ile. Nafasi ya mstari wa nane. Natazama. Naachia, nazungusha chungu, nashika tena bila kutazama, fungu la minane linapita, fungu la saba linapita, gumba linatulia. Nazungusha. Linatulia. Mara sita nimezunguka na mara sita udongo umenipokea palepale, na naogopa nitakiangusha, nakirudisha kwenye pete yake polepole, polepole sana, nakaa chini.

Alikuwa amekishika. Ndivyo. Alikipakata kwenye mapaja, mkono wa kushoto umekishika begani, gumba limetangulia mahali pakavu, mkono wa kulia unachora kuelekea kwenye gumba, minane, halafu saba, kwa sababu wa nane ulikuwa chini ya kidole chake, kisha anainua gumba, anakizungusha, analitanguliza tena mbele, anachora, na hivi ndivyo Sahro anavyofanya, Allah, mara ngapi nimemtazama akifanya, wiki ya harusi ya Hamdia nyumba nzima ilinuka hina, wasichana wamejaa mpaka kwenye ngazi, na Sahro amekaa kitako juu ya mto, amemshika bibi harusi kifundo cha mkono, gumba limekandamiza palepale yanapopita maua, "usitikisike, Hamdia, ukitikisika nakuchora mkia wa punda," na maua yanatoka kwenye ncha ya koni, jani, jani, tone, yanafika penye gumba na kuruka, yanaendelea upande wa pili, nikamuuliza, na hapo chini ya kidole, hutapajaza, akasema bila kuinua macho, wengine hurudi wakapajaza, mimi mara nyingine napaacha, hapo ndipo nilipomshika, wasichana wakacheka, akaniongezea, "wewe nenda kwa wafu wako, mimi nikikosea bibi harusi analia, wewe ukikosea nani atalia?", na mimi nikaona ni maneno ya mzaha, nikaenda zangu, sikuona, nilikuwa na kazi ileile mbele yangu kila siku na sikuona, nilitazama mahali pa kidole cha mtu nikaona upungufu. Maana mama yule naye angeweza kurudi. Gumba limeinuka, rangi ipo, brashi ipo mkononi, mstari mmoja tu ungetosha, mara sita alikuwa na nafasi ya kurudi na mara sita hakurudi, kwa nini hakurudi sijui, labda rangi haikushika pale penye mafuta ya kidole, labda alipapenda, labda kwake hapakupungukiwa na kitu, sijui, sitajua, lakini si kosa, na wala si uchafu, huyu ni mtu, hii ndiyo sehemu pekee ya chungu hiki ambapo mtu amegusa na mguso ukabaki, na mashine imechora mstari mweusi juu yake.

Imechora kwa sababu… subiri. "Yahye," Kinanu amerudi kwenye pazia, naona vidole vyake vikilishika, hajalifungua kwa sababu mwanga ukiingia picha zitaharibika na kanuni hiyo aliitunga yeye, "nini kinakushika? Mashine imesema tisini na saba, wewe unataka mia? Hata mtihani wako wa mwisho hukupata tisini na saba," nasema "dakika moja, Madam," anasema "hiyo dakika umeikopa tangu asubuhi," lakini haondoki, na mimi nauliza tena lile swali nililoliuliza kwa hasira, nani aliyekufundisha, na safari hii naliuliza kama swali, na jibu liko kwenye ukurasa ule ninaoufungua kama kioo, mstari wa pili. Michoro mia mbili na kumi na minne. Vigae vya msimu wa kwanza, vyote vya lugga ileile, nilivifuatiza kwa kalamu ya skrini, kimoja kimoja, miezi mitano, hapahapa, na ndivyo mashine ilivyosomeshwa, haikupata kuona kitu kingine duniani ila hivyo vigae mia mbili na kumi na vinne na mkono wangu juu yake. Na nilifanya nini. Nakumbuka nilichokifanya. Natamani kusema sikumbuki. Kigae cha thelathini na moja kilikuwa cha kwanza kuwa na mafungu mawili kamili, nane na saba, na nilitabasamu, nakumbuka kutabasamu, nikajisemea ah, ukwapi na utao, nane kwa nane, huu ni mshororo, na huu wa pili umepungukiwa na mizani moja, rangi imechujuka tu, na kalamu ikaenda ikauweka mstari wa nane, na nikauona mshororo umesimama sawasawa, nikasikia ile raha, ile raha ambayo mwalimu wangu aliipanda ndani yangu. Mwalimu Salesio. Mmeru aliyeshuka kutoka milimani kuja kutufundisha Kiswahili sisi watoto wa Kisomali na Kiborana na Kiturkana, akitembea katikati ya madawati na rula, akigonga mizani kwenye mbao, nane, nane, anasikiliza macho yamefumba, na ukipungukiwa rula inasimama hewani, "Guni hili, Yahye. Ukwapi nane, utao saba. Shairi lako lachechemea. Rudi ukalitibu," nami nilimpenda, nampenda mpaka leo, hakuna mtu aliyewahi kulisikiliza neno langu kwa makini kama yeye, na mwaka ule baba alipofariki niliandika beti tano, nilikuwa na miaka kumi na sita, na katika ubeti wa tatu niliandika alikufa njiani, kwa sababu ndivyo alivyokufa, njiani, lori lake limesimama bila kosa lolote kando ya barabara ya kwenda Merti na yeye ndani yake, mikono kwenye usukani, wenye mbuzi wakampata asubuhi, alikufa njiani, ni mizani saba, rula ikasimama hewani, nikarudi kulitibu, na nikaandika alikufa kitandani. Nane. Kina kimekaa, ni kwa ni. Likasomwa siku ya wazazi, mbele ya shule nzima, watu wakapiga makofi, Mwalimu Salesio akafuta macho, na mama yangu, mama Jawahir binti wa watu walioletwa hapa na jeshi la mkoloni, ambaye Kiswahili chake si cha vitabuni lakini kitandani anakijua, alikaa kwenye kiti cha plastiki na kunitazama, kisha aliinamisha uso akakunja ncha ya mtandio wake, akaikunja, akaikunja. Na ningeweza kuandika safarini. Hilo ndilo lililonijia miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni, katikati ya mhadhara wa kitu kingine kabisa, alikufa safarini, mizani nane, kina kilekile, na baba yangu angebaki mahali alipofia, kwa hiyo siwezi kuilaumu arudhi wala rula ya mtu mwema, mizani haikuniomba uongo, iliniomba nitafute, na mimi nilichukua neno la kwanza lililojaza pengo nikaondoka mbio kwenda kusikia makofi.

Na kanuni ilikuwepo, siwezi hata kusema sikuambiwa, siku ya kwanza kabisa Kinanu alinikalisha kwenye kiti hikihiki, akachukua karatasi, akachora mstari kamili na mstari wa nukta, akasema kwa kile Kiswahili chake cha ofisini, "sikiza Yahye, kile unaona, chora mstari kamili, kile unadhania, chora nukta, usichanganye, hiyo ndiyo kazi yote, ingine ni macho na kukaa," nikasema nimeelewa, na nilielewa, na vigae kumi vya kwanza niliweka nukta, kisha nukta zikaniudhi, ziliuharibu mchoro, zilifanya ukurasa uonekane kama mtu mwenye kigugumizi, na moyoni nilikuwa na hakika, hakika ya asilimia ngapi, tisini na saba bila shaka, basi nikaanza kuchora kamili, mweusi, mnyoofu, na mashine iliyokaa nyuma ya mkono wangu ikijifunza haikuwa na namna ya kujua ni upi uliotoka kwa mama yule na ni upi uliotoka kwangu. Nafungua faili ya thelathini na moja. Picha kushoto, mchoro kulia. Saba kushoto, nane kulia. Nafasi ile, mng'ao uleule wa ukucha, ulikuwepo, ulikuwa unanitazama. Ya arobaini na nne, saba, nane. Ya tisini. Ya mia na sita, kigae kidogo kama biskuti, kina mistari mitatu tu na nafasi, na mimi nimeongeza wa nne, mpaka kwenye kigae kama biskuti. Nafunga. Sihitaji kufungua nyingine. Nilikuwa nikimtukana mwanafunzi anayenikariri, neno kwa neno, kwa uaminifu ambao mimi sikuwa nao kwa mtu yeyote, na kesho atapelekwa kila chuo, atapewa vyungu ambavyo sijawahi kuviona, vya nchi nisizozijua, na kila atakapokuta mahali mtu alipoweka kidole, atapajaza, na ataomba radhi, na jina langu litakuwa chini.

Na hakuna anayejua. Hilo nalo nalifikiri, ningekuwa mnafiki nikisema silifikiri, linanijia likiwa limevaa vizuri, limekaa kitako, linasema Yahye, bonyeza, lori liondoke, chungu kifungiwe, nani atakwenda kwenye ghala la baridi kuhesabu mistari begani, mistari sita kati ya tisini na sita, chuo kimekwisha kukuandikia barua ya kukukubali, Septemba uko huko, umerudi kusoma, na siku moja, ukiwa mtu mkubwa, utarekebisha kimyakimya, na lina sauti nzuri, lina vina na mizani, kila kipande nane, na hapo ndipo ninapolitambua, nimekwisha kulisikia, lilipigiwa makofi. Na upande wa pili hakuna sauti nzuri, upande wa pili ni Kinanu, ambaye amesimama miaka minne mbele ya watu wenye tai akiapa kwamba kazi hii yaweza kufanywa Isiolo, si lazima ifanywe Nairobi wala ng'ambo, ambaye ameweka jina lake juu ya langu kwa kuliamini langu, ambaye dakika kumi zilizopita amemwambia mtu kwenye simu hakuna shida yoyote, na nikifungua kinywa changu, kesho haitakuwepo, michoro mia mbili na kumi na minne itarudiwa, mashine itasahaulishwa kila kitu na kuanza upya kama mtoto wa darasa la kwanza, na wale wenye tai watatabasamu wakisema tulijua, tulijua watu wa huko, na hilo ndilo linaloniuma kuliko barua na Septemba, kwamba ukweli wangu utawapa wao furaha. "Ama kimevunjika?" Kinanu ameuliza, sasa sauti imeshuka, haina mzaha, "Yahye, niambie tu, kama kimevunjika niambie, sitapiga kelele." "Hakijavunjika, Madam." "Aki ya Mungu?" "Wallahi hakijavunjika." Pumzi yake inatoka, naisikia ikilisukuma pazia, na ni pumzi ya mtu aliyekipenda chungu kabla ya kuipenda programu, sikulijua hilo, miaka miwili sikulijua, nilidhani anapenda faili. "Sasa shida iko wapi?"

Shida iko wapi. Kitufe bado ni cha kijani. Mstari wa nane bado umesimama juu ya mahali pa kidole, tisini na saba bado ni tisini na saba, duara halizunguki, hakuna kinachozunguka, natafuta sentensi, naikuta imejipanga yenyewe kwa ustadi, yenye udhuru mwanzoni na msamaha mwishoni, naiacha, natafuta nyingine, fupi, na inakuja ikiwa haina umbo lolote. "Mashine imekosea, Madam, kwa sababu mimi nilikosea. Nilichora kile sikuona. Nilichora kamili, si nukta." Nje muuza miraa anamwita mtu kwa jina. Halafu pazia linafunguka, lote, kanuni yake mwenyewe, mwanga wa saa sita kasorobo unaingia na kukipiga chungu ubavuni, na Kinanu amesimama humo, miwani kwenye nywele, hanitazami mimi, anakitazama chungu, kisha skrini, kisha chungu, midomo yake inahesabu, naiona ikihesabu, inafika saba na kusimama. "Ngapi?" anauliza. "Nafasi hizi ni sita, ukikishika kwa…" "Sikuulizi chungu. Nakuuliza zako. Zile umechora hivyo, ni ngapi?" Na ningeweza kusema chache, ningeweza kusema sina hakika, na neno hilo lingekaa vizuri sana mahali pake. "Kuanzia ya kumi na moja," nasema, "zote."